Neno na Ndoana: Kuvua Samoni katika Rasi ya Flattery

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyezaliwa bara huijua bahari kwa kuisoma kabla ya kuiona. Mimi ni mmoja wa hao. Nilikulia kwenye miteremko ya Nyeri, mahali ambapo maji makubwa tuliyoyajua yalikuwa ya mto, lakini kufikia darasa la nane nilikuwa nimekwisha kukariri kwamba kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Methali hizo nilizitia katika insha nikatuzwa alama. Tezi ni upande upi wa chombo na omo ni upi, hakuna aliyeniuliza. Nashuku kwamba wasomaji wengi wa jarida hili waliotoka Kisii, Kakamega, Machakos au Meru wana ghala kama langu: istilahi za ubaharia zilizopangwa vizuri, ambazo hazijapata kuloa maji.

Ajabu ni kwamba istilahi zangu zilirowea mbali mno na Lamu au Vanga. Mwaka 2023, baada ya kumaliza kipindi cha kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja nchini Marekani, nilialikwa na mwenzangu wa idara ya isimu twende tukavue samoni katika pembe ya kaskazini-magharibi ya jimbo la Washington kabla sijarejea nyumbani. Mwaliko niliukubali kwa sababu ya samaki. Makala haya ninayaandika kwa sababu ya maneno mawili matatu ya mkataba wa kale, yaliyoamua ni nani mwenye haki ya kumvua samaki huyo.

Barabara ya kwenda huko hufuata Mlango-Bahari wa Juan de Fuca, ikipindapinda kwa zaidi ya kilomita 100 kutoka mji wa Port Angeles, miti mirefu upande mmoja na maji upande wa pili. Njiani tulivuka mto Elwha. Mabwawa mawili, moja lililokamilika mwaka 1913 na jingine 1927, yaliwafungia samoni njia ya kuupanda mto huo kwa takribani karne nzima. Yalibomolewa kati ya mwaka 2011 na 2014, na samaki wakaanza kurudi. Ng'ambo ya hapo, mwishoni kabisa mwa nchi kavu, kuna kijiji cha Neah Bay, na mbele yake Rasi ya Flattery.

Ufuo wa rasi hiyo haufanani na fuo zetu za mchanga na minazi. Ni majabali yaliyokatwa wima, mapango ambamo mawimbi huingia yakinguruma, na nguzo za mawe zilizosimama peke yake baharini kana kwamba zilisahauliwa na bara lilipokuwa likirudi nyuma. Kando yake kuna kisiwa cha Tatoosh chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1857. Jina la rasi lilitolewa na nahodha Mwingereza James Cook mwaka 1778: aliona kama uwazi katika pwani, akatumaini kupata bandari, na tumaini hilo likawa bure. Tungeitafsiri Rasi ya Kurairai. Cook alilala akauacha mlango-bahari wenyewe bila kuutambua.

Wenyeji wa hapo ni Wamakah, na jina hilo ni kisa kwa mwanafunzi yeyote wa fonolojia. Lugha yao, ya familia ya Wakashan, ni mojawapo ya lugha chache sana duniani zisizo na nazali katika msamiati wake wa kawaida. Haina /m/ wala /n/. Hebu msomaji akifikirie Kiswahili bila sauti hizo mbili: ngeli ya kwanza ingebomoka na mtu asingekuwa mtu. Sasa, watu wasio na /m/ waliitwaje Wamakah? Jina walipewa na majirani zao wasemao lugha za Salish, na husemekana kuwa na maana ya watu wakarimu wa chakula. Wao wenyewe hujiita Kwih-dich-chuh-aht, watu wakaao penye miamba na shakwe. Neah nayo ni hivyo hivyo: asili yake ni Diya, lakini /d/ ya wenyeji ilikuwa /n/ kinywani mwa majirani, na majirani ndio waliosikika kwanza. (Kwetu dia ni fidia ya damu. Najua kwamba huo ni ufanano wa sauti tu, lakini haukunitoka akilini.) Msemaji wa mwisho aliyeipata lugha hiyo kama lugha ya kwanza aliaga dunia mwaka 2002. Siku hizi watoto hufundishwa shuleni.

Tulitoka gatini saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ilikuwa Julai, kiangazi chao, na nilikuwa nimevaa makoti mawili. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji kiasi kwamba mnara wa Tatoosh ulisikika kwa ndege wake kabla ya kuonekana. Nahodha wetu, Mmakah wa makamo, alisimama usukanini akiitazama mitambo yake na kuitazama bahari kwa zamu, na nadhani bahari aliitazama zaidi. Abiria tulikuwa watano. Tulipoipita rasi, mahali ambapo mkondo utokao kwenye mlango-bahari hukutana na mawimbi makuu ya Pasifiki, chombo kilianza kupanda na kushuka bila mpango, na mwenzangu mwanaisimu akalevywa na bahari, akawa hana la kusema hadi saa tatu. Hapo ndipo nilipokaa tezi nikamwona mwingine ameshikilia ubao wa omo, na methali ya utotoni ikapata mwili.

Samoni wa baharini huvuliwa kwa kukokota mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda polepole, mwendo wa mtu atembeaye. Ufito umekitwa ukingoni. Mshipi hushushwa ukiwa umebanwa kwenye waya wa chuma wenye tufe la risasi la kilo tano hivi, nalo hulizamisha tego lote hadi kina kinachotakiwa. Samaki anapomeza chambo, mshipi hujibanua kutoka kwenye waya, na mvuvi akabaki na samaki wake bila uzito ule. Mbele ya chambo hufungwa kibamba kinachozunguka na kumetameta mfano wa samaki mdogo anayekimbia. Chambo ni heringi, wa ukubwa wa kiganja, aliyekatwa kichwa kwa mshazari ili ajizungushe majini kama aliyejeruhiwa.

Nahodha aliniuliza tufe lile huitwaje kwa lugha yangu. Nikamwambia: chubwi. Neno hilo nilikuwa nimelikuta katika kamusi tu, na nililitamka kwa hadhari ya mtu anayefungua chupa asiyojua kilichomo. Kina cha maji akakipima kwa kipimo cha kale cha mikono miwili iliyonyooshwa, nami nikamwambia kwamba sisi pia tunacho, tunakiita pima. "Pima kumi na mbili," akasema, akashusha. Tangu hapo chombo kizima kikawa kinaita pima na chubwi, na wazee wawili kutoka Idaho waliondoka wakiamini kwamba wamejifunza Kiswahili.

Wa kwanza kunasa alikuwa koho. Wapo samoni wa aina tano katika maji hayo: samoni-mfalme ambaye ndiye mkubwa kuliko wote, koho wa rangi ya fedha, sokai, samoni wa waridi ambaye katika mito ya Washington hurudi kwa wingi miaka witiri, na chamu. Jina la sokai limenichekesha. Katika lugha ya Salish ya mto Fraser neno lenyewe lilihusu samaki mwekundu. Masikio ya Waingereza yakasikia maneno yao wenyewe mawili, soksi na jicho, na samaki huyo akaingia kamusini akiwa na macho ya soksi ambayo hakuzaliwa nayo.

Koho wetu alipofikishwa kando ya chombo, nahodha hakumtazama ukubwa. Aliinama akatazama mgongo, karibu na mkia, mahali ambapo samoni huwa na kipezi kidogo laini cha mafuta. Kipezi kilikuwapo. Akaingiza kifaa chenye ncha iliyopinda chini ya ndoana, akaigeuza, na samaki akaenda zake. Hakumpandisha chomboni hata kidogo, kwani sheria inakataza. Samaki waliototolewa katika vituo vya kufugia hukatwa kipezi hicho wakiwa wadogo, na mvuvi wa burudani ana ruhusa ya kuwachukua. Koho mwenye kipezi ni wa mwituni, na lazima arudishwe. Ndiyo maana ndoana zenyewe hazina kijino cha nyuma. Basi asubuhi nzima tulikuwa tukivuta, tukisoma migongo, na mara nyingi tukiachilia. Nimefanya uhakiki wa matini kwa miaka kadhaa, lakini sijaona usomaji ambao uhai unaning'inia kwenye alama ndogo kama ile.

Kabla sijaendelea, kuna jambo la nyumbani. Mwaka 1905 walowezi walitia trauti kutoka Scotland katika mto Gura, milima ya Aberdare. Baadaye akaletwa trauti wa upinde wa mvua, anayejulikana sana Kiganjo kwenye kituo cha kuzalisha samaki. Huyo wa pili yumo katika jenasi moja na samoni wa Pasifiki, Oncorhynchus. Binamu wa koho, kwa hivyo, alikuwa akipita karibu na shamba la babu yangu wakati mimi nikikariri methali za bahari. Tofauti ni kwamba samoni wa Pasifiki huzaliwa mtoni, hushuka baharini kukua, kisha hurudi mto uleule, hutaga na kufa. Tezi na omo ameziona zote. Ngamani kwake ni kaburini pia.

Saa nne ukungu ulipokwisha kuondoka, tuliona vyombo vingine vikivua upande wa kusini. Vilikuwa vya Wamakah. Nahodha alieleza kwamba vile huvua kwa kanuni za baraza lao, si kwa zile zilizotufunga sisi abiria wake. Bahari moja, samaki mmoja, sheria mbili. Mmoja wa wale wazee wa Idaho aliguna. Nahodha hakumjibu, nadhani mguno huo amekwisha kuusikia kwa lafudhi zote.

Asili yake ni Januari 31, 1855. Siku hiyo gavana wa jimbo la mpakani la Washington, Isaac Stevens, alitia saini na Wamakah Mkataba wa Neah Bay. Wamakah walitoa ardhi kubwa na kubakiza kipande kidogo, lakini walisisitiza kuhusu bahari kuliko ardhi, na mkataba ukawahakikishia haki ya kuvua samaki, nyangumi na sili katika maeneo yao ya desturi. Mikataba kadhaa ya namna hiyo ilitiwa saini na makabila ya eneo hilo katika miezi hiyo, na ndani yake kiliwekwa kirai kimoja kidogo: haki hiyo wataitumia pamoja na raia wote. Au ni kwa shirika na raia wote? Au sawa na raia wote? Nimekijaribu kirai hicho kwa Kiswahili mara nyingi, na kila tafsiri inaleta idadi tofauti ya samaki. Nikisema "sawa na raia wote", Mmakah ni mvuvi kama mvuvi yeyote, akikata leseni na kufungwa na misimu ya serikali. Nikisema "pamoja na", sijasema kitu. Nikisema "kwa shirika", basi kuna washirika wawili, na mshirika ana fungu lake.

Na wenyewe waliotia saini waliambiwaje? Hapa ndipo mwanafunzi wa tafsiri anaposhika kichwa. Mazungumzo ya mikataba hiyo yaliendeshwa kwa Chinook ya biashara, pijini ya maneno mia chache iliyotumika kununua ngozi na samaki. Si wote waliokuwapo walioielewa. Dhana za umiliki, enzi na haki ya kudumu zilipitishwa katika lugha iliyoundwa kwa ajili ya bei. Sisi tunaosoma historia ya Kiswahili kama lugha ya biashara tuna desturi ya kujivuna kwa kuenea kwake; sikumbuki semina ambayo tuliuliza ni mikataba mingapi ya bara ilifasiriwa kwa maneno ya sokoni.

Kwa miongo mingi serikali ya jimbo ilichagua tafsiri ya kwanza. Wahindi Wekundu, kama vitabu vyetu vya zamani vilivyowaita, walikamatwa kwa kuvua mahali walipovua babu zao. Billy Frank Jr., wa kabila la Nisqually, alikamatwa kwa mara ya kwanza mwaka 1945 akiwa na umri wa miaka 14, na baada ya hapo alikamatwa zaidi ya mara 50. Kisha, Februari 12, 1974, jaji George Boldt akatoa hukumu. Alichunguza kumbukumbu za mazungumzo, akasikiliza ushahidi wa wazee na wa mwanaanthropolojia Barbara Lane, na akasema kwamba kwa maana ya kamusi, na kwa jinsi kilivyokusudiwa katika mikataba, kirai kile kina maana ya kugawana sawasawa. Makabila yana haki ya hadi nusu ya samaki wanaoweza kuvunwa. Wavuvi wengine walighadhibika, wakatundika sanamu ya jaji kama aliyenyongwa. Mahakama ya Juu iliiunga mkono hukumu hiyo, kwa sehemu kubwa, mwaka 1979. Tangu hapo makabila na serikali ya jimbo hukaa pamoja kila mwaka kupanga misimu, kwa hivyo hata kile kipezi tulichokuwa tukikisoma mgongoni mwa koho kilikuwa kimepitia meza hiyo.

Jambo lililonishughulisha zaidi ni kanuni iliyo nyuma ya hukumu. Tangu kesi ya Winans ya mwaka 1905, Mahakama ya Juu ilikuwa imekwisha kusema kwamba mkataba na wenyeji hufasiriwa kwa namna wenyeji walivyouelewa walipousikia, wala si kwa ujanja wa mwandishi wake. Hans Robert Jauss, tunayemtaja kila tunapofafanua Nadharia ya Upokezi, hakuwa amezaliwa. Darasani kwetu swali la maana kukaa kwa msomaji au kwa mwandishi hujibiwa kwa kurasa kumi na nukuu nane, na anayeshindwa hupungukiwa na alama. Pale Neah Bay anayeshindwa hukosa chakula.

Nisiufanye ushindi huo kuwa mkubwa kuliko ulivyo. Nusu ya samaki ni nusu ya walioko, na samoni wamepungua. Mito imefungwa, misitu imekatwa, na barabara zimepitishwa juu ya vijito kwa kalvati ambazo samaki hawezi kuzipanda. Makabila yalirudi mahakamani kwa hoja kwamba haki ya kuvua haina maana kama hakuna cha kuvua. Juni 2018 majaji wa Mahakama ya Juu waligawanyika wanne kwa wanne, na kwa kugawanyika huko amri ya kulilazimisha jimbo kuzirekebisha kalvati ikasimama.

Miezi miwili kabla ya hapo, Aprili 2018, Mahakama Kuu iliyoketi Malindi ilikuwa imetoa hukumu kuhusu bandari mpya ya Lamu. Iliona kwamba haki za wavuvi wa jadi zilikiukwa, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe takribani shilingi bilioni 1.76. Sizilinganishi kesi hizo mbili kisheria, kwani sina ujuzi huo. Ninachokiona ni kwamba katika zote mbili, mvuvi alilazimika kuthibitisha kwa maneno kwamba mahali fulani baharini pasipo na ua wala jiwe la mpaka ni pake. Ushahidi wa namna hiyo umo katika majina: mwamba huu unaitwaje, mkondo ule unaitwaje, na ni nani aliyeupa jina. Wanafunzi wa idara zetu huenda Lamu kukusanya tenzi, na vyema. Majina ya maeneo ya kuvulia hukusanywa na nani?

Tulirudi gatini saa saba mchana tukiwa na koho sita wasio na kipezi na samoni wa waridi wawili. Nahodha aliwapasua juu ya meza ya mbao, kisu kikipita kando ya uti wa mgongo bila kusita, huku shakwe wakipigania matumbo. Mwenzangu, aliyekuwa amepata nafuu, alimsimulia kuhusu tafsiri zangu tatu. Nahodha akataka kujua mimi ningechagua ipi. Nikamwambia ningechagua "kwa shirika", kwa kuwa kwetu ni neno la watu wanaofanya kazi moja na kugawana wanachokipata.

"Wanagawanaje?" akauliza.

Nikamwambia hutegemea chombo ni cha nani na nyavu ni za nani.

Alicheka hadi akaweka kisu chini. Kisha akakiosha, akavuta samaki mwingine, na kuniuliza kama ningependa kichwa nibebe au awatupie ndege.